Jiwe Jekundu Lililopasuka Motoni

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bi Msasa, ndivyo ninavyoitwa na wote. Umri: miaka 53. Kazi: kukata na kung'arisha vito. Makazi: ghorofani, juu ya karakana yangu.

Mnamo tarehe 9 mwezi wa sita, saa nne asubuhi, niliitwa hapa kituoni kupima jiwe. Mjane mmoja alimpelekea sonara pete iliyokatika ili aiunge. Alirudishiwa jiwe limepasuka, na fundi mwingine akamwambia hiyo si yakuti, ni ganeti, jiwe jekundu la bei ndogo. Mjane akalalamika kuwa yakuti yake imebadilishwa, sonara akawekwa ndani. Sonara huyo si ndugu yangu wala rafiki yangu. Ni jirani wa karakana tu, nyundo yake hunipigia kelele kutwa, basi.

Nilikuja na yakuti yangu ili nilinganishe. Kwa macho, yote mawili ni mekundu, wala siwalaumu wanaokosea. Nilipoyatazama kwa lenzi ya kupimia rangi, yakuti ilionyesha wekundu wa aina mbili, jiwe la mjane aina moja tu. Kisha niliweka kila moja juu ya kizibo kinachoelea kwenye bakuli la maji, nikasogeza sumaku kali. Yakuti ilitulia tuli. Jiwe la mjane liliifuata sumaku. Ni ganeti, sina shaka.

Sonara alishika kichwa. "Dada, umenimaliza."

Nilimwambia anyamaze, mimi sijamaliza. Nikamuuliza kama alilitoa jiwe kabla ya kuunga pete.

"Nilitoe la nini? Mama huyu aliniambia ni yakuti. Yakuti haiogopi moto."

Hapo ndipo penyewe. Yakuti safi huvumilia moto wa sonara. Ganeti hupasuka upesi. Mwizi aliyepachika ganeti angejua alichopachika, angeitoa kwanza. Huyu aliwasha moto kwa sababu aliamini neno la mwenye pete.

Mjane akaniuliza, "Kwa hiyo mume wangu alinidanganya miaka yote hiyo?"

Roho iliniuma. Wengi wetu kila jiwe jekundu tunaliita yakuti. Huenda hata aliyemuuzia mumewe hakujua. Nilimjibu kwamba vifaa vyangu hupima mawe, havipimi watu.

Alifuta macho, akamwambia afande, "Mfungulieni huyu kijana wa watu." Akamgeukia sonara. "Na wewe, lirudishe jiwe langu kwenye pete hivyohivyo lilivyo. Ila safari hii bila moto."

Niliyoyasema ni kweli kadiri ya macho na vipimo vyangu. Nimesomewa, nimeridhika.

Sahihi: Bi Msasa

Maelezo ya afisa: Yameandikwa nami mbele ya shahidi. Mlalamikaji ameondoa shauri. Ameondoka na sonara, wakielekea karakanani.