Ufunguo Niliokuchongea

Banda la Funguo,
Nyuma ya Soko Kuu.
Jumapili, tarehe 12 Oktoba.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. U hali gani? Kifua kimetulia, au bado kinakubana ukipigwa na baridi? Sisi huku tunapumua. Mama miguu inamvimba, lakini anakula, anasali, na anagombana na redio kama kawaida yake. Mimi mzima wa mwili. Ya moyoni utayasoma hapa chini, kwa hiyo tafuta kiti ukae.

Anwani yako nimepewa na mkeo. Usimgombeze wifi yangu. Alikuja bandani mwenyewe, akaiandika nyuma ya risiti, akaondoka bila hata kukaa.

Kesi yangu ya wizi wa ghala la dawa ilisikilizwa Jumanne iliyopita. Huenda ulidhani ilikwisha zamani. Hata sisi tulidhani itaisha kifamilia. Mjomba alikwenda kwa mwenye ghala, yule bosi wako wa zamani, akambembeleza mpaka mzee wa watu akasema basi, yaishe. Tukaenda naye kwa mwendesha mashtaka kama watu wanaokwenda harusini. Mwendesha mashtaka akatuambia kesi ya jinai si ya mwenye mali, ni ya serikali, na mwenye mali ni shahidi tu.

Basi mashahidi wakapanda. Mpelelezi akatoa ufunguo waliokamatwa nao wale wezi, akamwonyesha hakimu alama zangu tatu za tupa, zile ninazotia kwenye kichwa cha kila ufunguo. Nisingeweza kuukana. Ni kazi ya mkono wangu, tena nzuri. Akatoa na daftari langu, lile ambalo kila ninayemchongea ufunguo huandika jina, namba ya kitambulisho na sahihi. Akauliza huu wa ghala umeandikwa ukurasa gani. Haupo.

Wewe unajua kwa nini haupo. Ulikuja saa ya chakula cha mchana, jasho linakutoka, ukasema bosi amekutuma uchongeshe wa akiba. Nikavuta daftari, ukacheka: "Dada, na mimi niandike? Kitambulisho changu si mgongo wako ulionibeba?" Nikacheka na mimi, nikalirudisha kwenye droo. Miaka kumi na tisa sijamchongea mtu bila kumwandika, isipokuwa nyinyi wa damu yangu. Niliona aibu kumwandikisha ndugu yangu kama mpita njia. Ujinga huo ni wangu, simbebeshi mtu.

Waliponikamata sikukutaja, wala waliponiachia kwa dhamana. Miezi saba, mdogo wangu! Nilijiambia labda bosi kweli alikutuma, labda wezi walikuibia na wewe. Wakili wangu, binti wa msaada wa kisheria, ameniuliza mara ngapi sijui nani aliniletea ufunguo ule, nami namjibu sikumbuki. Aliniambia mshtakiwa ana haki ya kukaa kimya, na kwamba wa kuthibitisha ni upande wa mashtaka, si mimi. Nikaishika haki hiyo kwa mikono miwili. Kumbe mwenzangu ulishasema zamani.

Ndiyo, maelezo uliyoandikisha polisi yamesomwa. Mpelelezi alisema shahidi huyu amesafiri na hapatikani. Wakili akapinga, wakabishana kwa vifungu, mwisho hakimu akakubali maelezo yako yasomwe. Nikakaa wima, nikijua sasa natetewa. Loo! "Dada alichukua ufunguo mfukoni mwa suruali yangu nilipokuwa naoga. Nimemwonya mara nyingi aache mchezo huo." Mara nyingi! Lini? Wapi? Sahihi yako chini, na tarehe. Ni siku ya pili baada ya kukamatwa kwangu, siku ile ile uliyoniletea chai mahabusu ukaniambia, "Jikaze, dada, tuko pamoja." Yaani ulitoka kunizika, ukapitia kunipa chai.

Mahakamani sikulia. Nililia nyumbani, bafuni, bomba nimelifungua ili Mama asisikie. Ningekusamehe kama ungekimbia tu, maana woga wako naujua tangu utotoni. Lakini kukaa kitini, ukashika kalamu, ukanitungia tabia ya wizi? Umeniuza, mdogo wangu, tena bila hata kubembelezwa.

Hakimu ameamua nina kesi ya kujibu. Wakili amenifafanulia kwamba hiyo si hatia bado, ila ushahidi wao unatosha kunitaka niseme langu. Naweza kujitetea kwa kiapo, naweza kunyamaza. Nikinyamaza, hakimu atabaki na alama zangu, daftari lisilo na jina, na maneno yako. Hapo jela inaninukia.

Nilimweleza Mama. Nilitegemea atanishika mkono. Akaendelea kukunja nguo, akasema, "Wewe ndiye mkubwa. Yule jela itamuua kwa kifua chake. Wewe una nguvu." Nikamuuliza, "Na mimi je, Mama?" Akalikunjua shuka, akalikunja tena. Sijui nani kati yenu ameniumiza zaidi.

Usishangae, nilikuwa nimeshakubali. Nimezoea kukubali. Kesho yake akaja mwalimu wa jirani, mteja wangu wa miaka, na ufunguo wa nyumba yake mkononi. Akaitazama mashine, akanitazama mimi, akaurudisha mfukoni, akasema atapita baadaye. Nikamwona anavuka barabara kwa yule fundi mpya. Hapo moyo ukagoma kabisa.

Alhamisi saa tatu asubuhi nitapanda kizimbani, nitaapa, na nitakutaja. Majina yako yote matatu, kama nilivyokuandikisha darasa la kwanza Mama alipokuwa mgonjwa. Nitataja siku, saa na ulichosema. Wakili anasema neno langu peke yake huenda lisitoshe, lakini ukija mwenyewe ukasema kweli, karatasi ile haitakuwa na nguvu tena. Anasema pia kwamba ukija unaweza kushtakiwa. Sikufichi. Mimi angalau nakwambia kabla.

Barua hii naituma kwa basi, itakufikia Jumanne. Mjomba anakusalimu. Mama hajui nimekuandikia. Mkeo hakutuma salamu, nami sikumlazimisha. Mungu akulinde kifua, na akupe ujasiri ambao sisi tuliokulea tulisahau kukupa.

Ndani ya bahasha utakuta tiketi ya Jumatano, ya kuja tu. Ya kurudi sikukukatia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda bado, na hilo ndilo linaloniuma.