Sahani ya Ilda

Lamego, mwisho wa Novemba 2015

Mdogo wangu Ilda,

Sisi wazima. Zeituni tumeshachuma na goti la mama limetulia.

Serikali mpya imeapishwa. Chama kilichotukata mishahara kiliongoza kwa kura, ila bungeni hakikufikisha nusu. Sasa kinatawala kile cha pili, kikibebwa na wakomunisti ambao jana tu walikuwa hawasalimiani nacho. Mama amefurahi kama bibi harusi. "Hospitali zitaajiri tena wauguzi. Ilda wangu atarudi kutoka Luksemburgi."

Ameshanunua samaki wa chumvi wa mkesha wa Krismasi. Unajua tangu uondoke anakuwekea sahani mezani, kama desturi yetu kwa wasiokuwepo, na kipande kinono cha katikati kinakwenda humo. Mwaka jana nililalamika. "Wewe upo kila siku," akasema, "mkia unakutosha." Asubuhi kipande chako akampa paka. Na anayemwogesha mama ni mimi.

Basi ujue, niliwapigia kura walewale waliokata mishahara, ili usiwe na cha kukurudisha nyumbani. Wameshika nafasi ya kwanza na bado wametolewa nje. Nawaelewa.

Kitanda chako nimekitandika. Mama ameniamuru.

Dada yako mkubwa,
Graciete