Kinanda cha Marehemu Hakiendi Popote

Shoga, shika simu! Leo nimeumbuka!

Si unajua mwanangu anataka kuuza kile kinanda cha umeme cha marehemu babake, eti kinajaza sebule? Na mimi nakipiga kila siku! Leo kaleta fundi wa vinanda akinunue.

Mimi asubuhi nilishakifungua nyuma nikachomoa kikadi kimoja cha umeme. Ukikitoa, noti moja inakufa kwenye kinanda kizima. Si mimi niliyekuwa namshikia marehemu tochi akitengeneza? Nikakificha kwenye sidiria.

Fundi akapiga. Kila akifika kwenye noti ile, kimya. Nikasema, "Masikini, uzee huo."

Mwanangu akatoka kupokea simu. Fundi akafungua nyuma, akachungulia.

"Mama, kikadi kiko wapi?"

"Panya, baba."

"Panya mwenye bisibisi?"

Shoga! Panya mwenye bisibisi! Nikatamani sakafu inimeze. Nikamwambia, "Kikiondoka, nyumba hii itakuwa kimya."

Mwanangu akarudi. Fundi akakohoa, akamwambia, "Ndugu yangu, ugonjwa huu mimi siuwezi. Mwachie mama."

Kikadi nimeshakirudisha. Njoo jioni nikupigie. Tukimsikia mwanangu mlangoni, nakichomoa tena.