Kisanduku Chako Kwenye Miaka ya Baba

Mtaa wa Dallas,
Embu.
Jumanne, 4 Novemba 2025

Kaka mpendwa Munyi,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Embu. Natumaini baridi ya Timau haijakumaliza na kile kifua kimepona. Sisi tu wazima, mvua imeanza, na mama anasema mara hii maharagwe yatashika. Baba goti linamsumbua kidogo lakini kanisani hakosi. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu hushiki, na jumbe zangu unazisoma unanyamaza. Ireri, mnayefanya naye kazi kwenye shamba la maua, ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi.

Kaka, nimechoka. Jumapili hii ni ibada ya shukrani ya baba kutimiza miaka themanini, nami kwa kiherehere changu nikajitolea kuyapanga maisha yake mtandaoni, kwenye ule ukurasa ambapo unaweka tukio, mwaka na picha, nao unatia kila tukio kwenye kisanduku chake na kuvipanga vyote kwa mstari mmoja tangu kuzaliwa hadi leo. Utaonyeshwa kwenye ukuta wa kanisa. Nikatuma linki kwa familia yote, kila mtu aongeze analokumbuka. Hapo ndipo nilipojitafutia taabu.

Ukurasa unataka tarehe. Baba anasema alizaliwa wakati wa nzige, shangazi Marcella anasema yeye alizaliwa mtama ukikomaa, na wadogo zao hata hilo hawana. Nikaweka tarehe za vitambulisho, na vitambulisho vinadai watatu walizaliwa tarehe mosi Januari mwaka mmoja, ilhali si mapacha. Sasa wamerundikana pahali pamoja, na kila mmoja ananipigia kuuliza ni nani amemfunika uso. Marcella naye akaongeza picha kumi na mbili za ng'ombe wake.

Hayo ningeyavumilia. Lakini kisanduku chako kikaanza kupotea. Naweka kwamba Munyi, kifungua mimba, amezaliwa, pamoja na ile picha umevaa sweta ya mama. Kesho yake hakipo. Nimekirudisha mara nne. Kila jioni baba ananiuliza kama umo, nami namdanganya kuwa mtandao unasumbua. Mwishowe nikaamua ni Marcella tu, maana siku zile ulipoondoka alikukasirikia kuliko hata baba mwenyewe. Nikamwambia hivyo mbele ya akina mama wa kanisa tukipanga mambo ya chakula. Alilia, kaka. Akavua aproni akaenda zake, na sasa anasema kwenye ibada hatatia mguu.

Jana mwenzangu wa ofisini akanionyesha pale ukurasa unapohifadhi ni nani alibadilisha nini. Jina lililokuwa pale, mara zote nne, ni lako.

Nilikasirika hadi chai ikanishinda. Ningekuwa karibu nawe ungenisikia. Kisha nikaona kile ulichofuta kwanza, kabla ya kujifuta mwenyewe, na aliyekuwa amekiandika ni mimi: "2018, Munyi ang'oa kahawa ya baba, ahama." Nakiri. Niliona miaka ile iko mitupu nikaijaza tu, bila kufikiri kwamba kanisa zima litasoma, na wewe ungesoma kabla yao. Nisamehe. Kwa Marcella naenda kesho kuomba msamaha, na najua hatanirahisishia.

Baba nilimweleza yote. Akasema jambo hilo lisifichwe, ila niliandike upya kwa maneno yake. Wewe una jina la babu, baba yake mzazi, na tangu uzaliwe yeye hajakuita kitu kingine ila baba. Basi nikaandika alivyonitamkia: "2018, nilimfukuza baba nyumbani kwa sababu ya kahawa. Nilikosea." Alikataa nimhifadhie. Alibonyeza kitufe mwenyewe.

Familia yote nimeifungia wasibadilishe kitu tena. Wewe peke yako nimekuachia. Ukitaka kufuta, futa, lakini ujue sasa unafuta maneno ya nani.

Ibada inaanza saa nne. Mama anakusalimu sana, na watoto wangu wanauliza mjomba yukoje. Mungu akutunze huko kwenye baridi.

Ni mimi dadako, mwenye hasira nawe na anayekupenda,
Wawira