Nyumba Isiyoombwa Moto

Jumanne, 1 Oktoba 1996

Jiko jingine leo, kwa mama mkwe wa Kabula. Udongo wa kichuguu, majivu, nyasi zilizokatwakatwa. Nimekanyaga udongo mpaka magoti yanauma. Kabula ni katibu wa kikundi chetu cha majiko na hifadhi ya mlima, na jirani yangu wa ua kwa ua. Amefika jua limeshapanda, kisha akaanza kutoa maelekezo. Ana mdomo yule. Bibi mwenye jiko alilizunguka, akauliza sasa miguu ataotea wapi, maana moto wote tumeufungia ndani.

Joto kali. Kisima cha chini ya mlima bado kina maji, na hii ni Oktoba. Kabla hatujaufunga mlima usilishwe mifugo kilikuwa kikikauka Agosti. Nitalisema hili kila mkutano mpaka wachoke.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mkutano wa kikundi. Watu wameanza kuinyemelea ngitili yetu, malisho tuliyoyafunga. Nawaelewa, majani yaliyobaki Zagayu nzima yako kwenye mlima ule tuliouacha upumzike. Kwingine kote pamba. Tangu wanunuzi binafsi waingie na mizani zao, kila mtu amelima mpaka mlangoni kwake. Mwenyekiti wa kijiji katuambia wazi: tukishindwa kuulinda mlima, ataugawa ulimwe.

Nikapendekeza sheria. Atakayeingiza ng'ombe, nyumba yake inyimwe moto mpaka mvua ya kwanza. Asiombe kaa kwa jirani, asiombwe, asisalimiwe. Sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wanawafanyia hivyo watu wabishi na inafanya kazi. Mama Holo, mjane, mkubwa wetu wote, alipinga. Alisema faini ya mbuzi inatosha, mbuzi analiwa na mambo yanaisha. Nikamjibu kwamba mwenye ng'ombe wengi haumwi na mbuzi mmoja. Walinipigia makofi, sheria ikapita. Nilijisikia vizuri sana.

Jumatatu, 7 Oktoba

Ng'ombe wamekamatwa ngitili asubuhi. Kundi zima, wametoka zizi la Gamaya.

Gamaya alihamia hapa kutoka Sola. Hana ndugu kijijini. Hana mali, na kila mtu anajua hana mali. Sasa kundi hili kalitoa wapi? Ameulizwa, amekaa kimya. Sungusungu wanasema ni ng'ombe wa wizi. Dagashida, baraza la sungusungu, imeitwa Jumamosi, kijiji kizima. Ikiamuliwa ni mwizi, atafukuzwa na mke na watoto, nyumba ibomolewe.

Nilipanda na Kabula kutazama uharibifu. Wamekula sehemu nzuri kabisa, ile ya juu. Halafu nikawaona ng'ombe wenyewe, wamefungiwa kwa mtemi wa sungusungu. Sikio la kushoto limekatwa mara mbili, kwa pembeni. Baba mkwe wangu alikuwa anakata hivyo. Masanja mume wangu anakata hivyo. Kabula akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimemuuliza Masanja. Hakubisha hata kidogo.

Alipopunguzwa kazi kwenye ginari ya pamba ya ushirika, sote tulijua amerudi na baiskeli na redio. Kumbe kwa kiinua mgongo chake alinunua ng'ombe, akawaweka kwa Gamaya awachunge na anywe maziwa. Hakutaka ndugu zake wajue, wangemmaliza kwa kuomba. Hakutaka na mimi nijue. Gamaya alimwapia kwamba hatamtaja kwa mtu. Na hatamtaja, naona. Masanja anasema tunyamaze tu, yatapita.

Yatapita kwa nani? Nimekasirika mpaka nimemwaga uji. Miaka yote hii nakopa mtama kwa Kabula. Na kuna kipande cha moyo wangu, naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma, kimefurahi kwamba tuna ng'ombe.

Jumatano, 9 Oktoba

Sijasema kwa mtu.

Mke wa Gamaya alikuwa kisimani. Anasubiri wengine waondoke ndipo achote. Alinisalimia vizuri. Nikaitikia chinichini. Anajua ng'ombe ni wa nani. Hakusema neno, na mimi nikajitwisha ndoo nikaondoka. Najichukia.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimemwambia Masanja: kesho usiposimama wewe, nitasimama mimi. Sikuongeza kitu. Akatoka kwenda kukaa kwenye zizi letu, lile lenye mbuzi tu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Imekwisha.

Walimkalisha Gamaya chini katikati ya watu. Mtemi akauliza ng'ombe ni wa nani. Kimya. Akauliza tena. Gamaya anatazama mikono yake. Mtemi aliponyanyuka kuuliza mara ya mwisho nilikuwa nimeshakunja kanga nisimame. Masanja akasimama kabla yangu.

"Ni wangu. Huyu ananitunzia tu. Msimguse."

Macho ya ndugu zake nitayakumbuka. Watu wakaguna. Halafu mtemi akauliza kama kikundi kina sheria juu ya jambo hili. Kijiji kizima kikanigeukia mimi, mwenyekiti wa kikundi. Nikaisema sheria, yote, kwa mdomo wangu. Mama Holo akasimama tena na mbuzi wake. Mungu ambariki. Nilitamani kukubali, nilitamani sana. Lakini nilimwona mwenyekiti wa kijiji amekaa pale anasubiri, na mlima upo nyuma yake.

"Hapana," nikasema. "Sheria ni ileile."

Gamaya yuko nyumbani kwake, na mke na watoto, na paa juu yao. Nimerudi nikala ugali mwingi. Sikujua nilikuwa na njaa kiasi hicho.

Jumatatu, 14 Oktoba

Kabula anapita mbele ya ua wangu akitazama vidole vyake vya miguu. Dukani hatuuziwi. Kiberiti kimo ndani lakini sitakigusa. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiwaambia watu kwamba jiko letu linalaza makaa chini ya majivu mpaka asubuhi. Basi na lilaze, tuone. Leo asubuhi nilifukua nikakuta kaa moja jekundu. Nimelipuliza mpaka kichwa kikazunguka.

Masanja amekuwa msemaji. Ng'ombe gani alizaa lini, yupi mkorofi, yupi ana maziwa. Miaka yote aliyafungia kifuani. Leo kagundua kwamba ndugu zake hawawezi kuja kuomba ng'ombe, kwa sababu hawaruhusiwi hata kutusalimia. Amecheka mpaka akashika mbavu. Na mimi nikacheka. Nyumba imetengwa na kijiji, na haijawahi kuwa na raha hivi.

Jumapili, 20 Oktoba

Raha gani. Kanisani tumekaa benchi peke yetu. Wakati wa kupeana amani Kabula alitazama dari. Nilishika mkono wa Masanja, yeye akashika wangu, basi. Nimelia njiani.

Mchana mawingu yalijikusanya upande wa Shishiyu, meusi mazuri, yakaenda zake. Mpaka mvua ya kwanza. Mjinga gani aliweka sharti hili?

Jumatano, 30 Oktoba

Kabula ameanza kuongea na mbuzi wake. Anasimama karibu na ua wangu na kuwapa habari kwa sauti ya kuita watu shambani. Leo mbuzi wameambiwa kwamba hakuna ng'ombe hata mmoja aliyesogelea ngitili tangu ile dagashida. Mwenyekiti wa kijiji kasema mbele ya watu kwamba mlima haugawiwi. Mama mkwe wake amelikubali jiko, ila kalitoboa tundu pembeni ili aote miguu. Nikafunika mdomo kwa kanga. Tundu! Kazi yangu yote ile.

Kisha akawaambia mbuzi kwamba kikundi hakijakutana, wanamsubiri mtu. Akaingia ndani.

Nilikaa chini jikoni. Mlima umepona. Nilihofia watu watauvamia, na wangeuvamia, kama ningemkubali yule mbuzi wa Mama Holo. Moyo umetulia leo.

Jumatatu, 4 Novemba

Gamaya anaonekana akipeleka ng'ombe mbali, upande wa mto. Masanja anataka kumwongezea ndama jike, wa kwake kabisa, mambo yakiisha. Nimemwambia asisubiri, ampe sasa. Amekubali mara moja. Huyu mtu kabadilika, au mimi ndiye niliyekuwa simjui.

Ijumaa, 8 Novemba

Mvua.

Ilianza kwa vumbi, halafu matone makubwa machache, nikakataa kuamini. Kisha ikashuka. Si ya kupandia, lakini imelowesha mpaka chini na mfereji umepitisha maji. Masanja alisimama uani bila shati mpaka nikamwonea aibu. Halafu nikatoka na mimi.

Hakuna aliyekuja, giza liliingia mapema. Nimelaza makaa kama kawaida.

Jumamosi, 9 Novemba

Asubuhi baridi. Harufu ya udongo. Juu ngitilini kuna ukijani, au macho yangu yananidanganya.

Nilikuwa bado napuliza moto nikasikia hodi. Kabula, na kigae mkononi, kanga imelowa chini kwa umande.

"Mwangaluka, mayu. Moto wangu umezimika."

Nikaitikia salamu yake. Nyuma yake, juu ya paa la jiko lake, moshi ulikuwa unapanda, mwingi tu, wa kuni mbichi. Sikuusema. Nilipokea kigae, nikainama, nikamchagulia makaa makubwa.