Mafi si Tusi

Riyadh

Kaka Zephania,

Umeandika: "Euphrasia ananiaibisha kwa mashairi ya mavi." Soma tena, mwalimu mzima wewe! Binti yako ameandika "mafi". Kwa Kiarabu cha huku maana yake "hakuna", na madam wake wa Jeddah, anayemfanyia kazi za ndani, hulisema kutwa: mafi simu, mafi likizo.

Siku hizi kuna jioni za mashairi, wanawake na wanaume ukumbi mmoja. Nilikwenda Jeddah kumsikia Euphrasia akisoma shairi hilo mbele ya Odessa Pruitt, mshairi Mmarekani aliyefagia ofisi miaka mingi kabla ya kitabu chake cha kwanza. Nilipomtafsiria Odessa neno "mafi", alicheka. "'Hakuna'! Hata mabosi wangu walilijua neno hilo!" Amemwalika binti yako wasome pamoja.

Lakini tangu uandike, Euphrasia hataki kupanda jukwaani tena bila baraka zenu. Wewe na shemeji, mpigieni Ijumaa, mwambieni asome.

Mdogo wako mbishi,
Naftali