Kitfo Siku ya Mfungo

Mpendwa Etiye Zenebech, dada mkubwa wa wasomaji wa gazeti hili, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nimeshaandika barua ya kumshtaki mwenzangu na kidole kiko juu ya kitufe cha kutuma. Nafanya kazi hapa mtaa wa Bole kwenye kampuni ya programu ya kuagiza chakula kwa simu, na kazi yangu ni kuandika zile hadithi fupi za mtumiaji, yaani kadi inasema mteja ni nani, anataka nini, na ili iweje, naibandika ukutani kisha Abenezer anaitengeneza, na huyu Abenezer, Etiye, simwamini hata kidogo, anatengeneza kile kile nilichoandika, hapunguzi wala haongezi, sasa mtu gani anafanya hivyo kama hana lake jambo?

Basi niliandika, "Kama mteja, nataka chakula ninachokipenda kitokee cha kwanza," ile sehemu ya "ili" nikaiacha, nani asiyejua mtu ana njaa, yeye akaja mezani kwangu na kahawa yake mkononi, "Meklit, ili iweje?" nikamwambia, "Ili ule mshahara wako, nenda kafanye kazi!" watu wakacheka, naye akacheka, lakini kile kicheko mimi nilikiona. Ijumaa ya kwanza ya Hudade, mfungo wetu mkuu wa kabla ya Pasaka, bila nyama, siagi wala mayai, mama mmoja wa Sarbet akabonyeza cha kwanza bila miwani akidhani ni shiro, mchuzi wa dengu wa mfungo, akaletewa kitfo anachokipenda siku za kawaida, nyama mbichi inanukia siagi, na padri wa familia ameketi hapo hapo sebuleni na wakwe! Alipiga simu ofisini analia. Ato Girmachew, bosi wetu, anataka jina la mwenye kosa Jumatatu, na mwenye jina hilo hatabaki. Abenezer ni Pente, mlokole, hafungi, Hudade yote anakula mayai mbele yetu, sasa niambie huyo hakufanya makusudi? Najua mke wake amejifungua majuzi, lakini hujuma ni hujuma. Nitume?

Meklit (si jina langu la kweli, wanasoma gazeti hapa)

Meklit binti yangu, kwanza toa kidole hapo kwenye kitufe.

Pole kwa aibu iliyowapata. Lakini na mimi nashuku, tena sana, na ninayemshuku ni wewe. Umefunga tangu utoto, umeuzoea mfungo mpaka huuoni, ndiyo maana hukuuandika. Abenezer hafungi, angejulia wapi? Akaja kuuliza kwa adabu, na kahawa yake, ukamrushia kijembe mbele ya watu. Ungemjibu, "Ili Ijumaa nipate shiro bila kuhangaika," angetengeneza hiyo, maana umesema mwenyewe hapunguzi wala haongezi!

Nilimsomea mpwa wangu barua yako, naye anafanya kazi kama yenu. Akacheka, mtoto yule. "Shangazi, kadi ni ya kuanzisha mazungumzo tu. Huyo dada anabandika halafu anakimbia." Akauliza pia huyo "mteja" wako ni nani hasa. Anayefunga? Mwislamu wa Merkato? Mwenye kisukari? Mama wa watu amelia kwenye simu na hata jina lake hukuniambia. Ulimwuliza kweli?

Sasa sikiliza. Mpigie mama huyo leo, umwombe radhi, umwulize akifungua simu Ijumaa anataka kuona nini. Halafu mwite Abenezer kwenye kahawa, ukae naye mpaka kikombe cha tatu, usiondoke baada ya cha kwanza kama wenye haraka. Iandikeni kadi upya pamoja, na chini yake muweke mtakachokijaribu kabla ya kusema imekwisha: anayefunga, siku ya mfungo, asionyeshwe nyama, siagi wala yai juu kabisa. Jumatatu ingieni wote wawili kwa Ato Girmachew, na wewe ndiwe uanze kusema.

Na kama baada ya hayo yote bado kidole kinakuwasha, haya, iandike kwanza hiyo barua yako kama kadi. "Kama Meklit, nataka baba wa kichanga afukuzwe kazi, ili..." Malizia mwenyewe, kwa ukweli, uisome kwa sauti. Safari hii hiyo ili usiiache.